Ulipimwa Ukiwa na Njaa

Aabo, baba yangu uliyelala kwenye mchanga wa Balambala,

Nimemaliza kula sasa hivi. Nimekula wali na nyama ya ngamia, nikamenyea ndizi juu yake kama tulavyo sisi, nikashushia chai ya maziwa ambayo daktari wangu angeiona angepiga kelele. Sahani bado iko mezani. Kando yake kuna kimashine kidogo kinachoenea kiganjani. Nimeambiwa nisubiri saa mbili, kisha nijidunge kidole, nikipe tone la damu, nacho kitaniambia chakula hiki kimeipandisha sukari yangu mpaka wapi. Saa mbili ni nyingi kwa mwanamke asiyejua kukaa kimya. Kwa hiyo nitazitumia kukuandikia wewe, na ninakuonya mapema kwamba hii si barua ya kukulilia. Waliokulilia walikuwa wengi na hawakukusaidia kitu.

Sasa nina umri uliokuwa nao walipokuzika. Ugonjwa nimeurithi kwako, pamoja na ulimi. Ngamia sikuwarithi, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze.

Unawakumbuka sisimizi? Hooyo, mama yangu, ndiye aliyewaona kwanza. Wakati ule tulikuwa bado tunahama tunakotaka, kati ya mto Tana na visima vya ndani, nawe ulikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha kuwageuza ngamia shingo. Kisha ukaanza kukonda. Uliketi kivulini tangu asubuhi, lakini ulikunywa maji kama mtu aliyepotea porini. Hooyo akagundua kwamba kila ulipokojoa, nyuma ya kichaka, sisimizi walikusanyika kama walioalikwa harusini. Akaja akasimama mbele yako, mikono kiunoni.

"Wewe mwanamume," akasema, "sisimizi wanakupenda kuliko mimi. Twende hospitali."

"Waache," ukamjibu. "Angalau wapo wanaosema mimi ni mtamu."

Mkaenda Garissa. Daktari akasema ni ugonjwa wa sukari, akakupa vidonge vya kumeza kila siku, akakukataza sukari na vyakula vya unga. Ukatii, na sikupi sifa kwa hilo, maana kutii kulikuwa rahisi. Tuliishi kwa maziwa ya ngamia, na nyama ilipopatikana. Unga tuliuona mara chache. Mwili ukarudi, kiu ikaondoka, sisimizi wakatafuta mwenyeji mwingine. Ninalisema hili kwa sababu kila anayekutaja husema uliuawa na ugonjwa wa sukari. Ugonjwa haukukuua. Watu ndio waliokuua, nawe ukawashikia kamba.

Vita vikaja. Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya vita vile, ya walioshinda na ya walioshindwa, na wote huandika kana kwamba ramani ndizo zilizopigana. Upande mmoja ulitaka mpaka usogee. Upande wa pili ukaapa hautasogea hata unywele. Katikati walisimama ngamia wako. Askari waliwapiga risasi kwa kuwa shifta, waasi wa porini, walikunywa maziwa yao. Shifta waliwachinja kwa kuwa askari walikuwa wamewaacha hai. Sijapata kukiona kitabu kinachoeleza ngamia walikosa nini.

Tukafukuzwa malishoni kama tulivyozoea kuwafukuza mbuzi, tukatiwa ndani ya seng'enge hapo Balambala. Walipaita kijiji cha ulinzi. Sikupata kujua tulikuwa tunalindwa dhidi ya nani, maana bunduki zote zilitazama ndani. Katika kundi lako walibaki ngamia wachache, na hao wachache wakafungiwa kwenye boma la miiba pembeni mwa kijiji. Sisi tukapewa unga wa mahindi ya njano na sukari. Mtu aliyelelewa kwa maziwa tangu aachishwe ziwa la mama yake alipewa unga na sukari, kisha akaambiwa ashukuru. Ukaula ule ugali kwa hasira, matonge makubwa makubwa, na juu yake ukanywa chai ya rangi iliyojaa sukari mpaka kijiko kikawa kizito. Kila ulipokula, sukari ilipanda katika damu yako kama mafuriko ya Tana, na kabla haijashuka ulikuwa umekula tena.

Kiu ikarudi, na mkojo nao ukarudi. Hapo ndipo nilipojua kwamba ukatili unaweza kuwa na akili. Jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje ya kibanda. Jirani yetu mmoja alitoka kwenda haja akapigwa risasi ya kiuno, na kulipokucha wakasema alikuwa anakimbilia kwenye waya. Nawe ulikuwa mtu ambaye kibofu chake hakikujua amri ya mtu. Hooyo akakupa mkebe wa samli. Mwanamume aliyezoea kuinuka katika baraza la ukoo na watu wakanyamaza alichuchumaa gizani juu ya mkebe, mkewe na bintiye wakijifanya wamelala. Nilijifanya vizuri sana. Asubuhi Hooyo alikwenda kuumwaga, na hata kabla hajafika mahali pa kumwaga, sisimizi walikuwa wamepanda mkebe mpaka ukingoni.

Mkuu wa kambi alikuwa kijana kutoka bara, mwenye viatu vilivyong'aa hata katika vumbi lile. Yeye ndiye aliyegawa vibati. Kibati kilikuwa kipande cha bati chenye tundu, mtu alikivaa shingoni kwa kamba, na kilimruhusu kutoka na ngamia wake asubuhi na kurudi kabla ya machweo. Asiyekuwa nacho, ngamia wake walikaa bomani wakila miiba ya ua mpaka wafe. Wanawake hatukupewa, kwa sababu ilidhaniwa tungewapelekea shifta chakula. Mwana wa kiume hukuwa naye, na ndugu zako walikuwa wamevuka kwenda Somalia. Kwa hiyo uhai wa ngamia wetu wa mwisho, na kibuyu kimoja cha maziwa tulichopata kwa siku, vilining'inia kwenye shingo yako.

Kisha mchungaji mmoja mgonjwa akaanguka malishoni na shifta wakaondoka na ngamia wake. Mkuu akatoa amri: mgonjwa hatoki. Kila mwenye kibati apimwe na dresa, msaidizi wa daktari anayefuatana na msafara wa malori kutoka Garissa, na akionekana mgonjwa, kibati kirudi.

Dresa alikuwa Mtaita mpole, mwenye sanduku la mbao. Kupima damu kulikuwa jambo la hospitali kubwa siku zile. Porini walipima mkojo, kuona ni sukari gani ambayo damu imeshindwa kuibeba ikaimwaga nje. Ndani ya sanduku kulikuwa na taa ya spiriti, mirija ya kioo na chupa ya dawa ya buluu. Alidondosha mkojo kidogo ndani ya buluu, akachemsha juu ya moto, nasi tukazunguka kutazama, maana pale hapakuwa na burudani nyingine. Ikibaki buluu, u mzima. Ikiwa kijani, sukari ipo kidogo. Ikiwa njano, imezidi. Ikiwa nyekundu kama tofali, kaa chini.

Wewe, Aabo, uliyaelewa mambo yale haraka kuliko mtu yeyote kijijini. Uliona kwamba rangi hufuata chakula. Mtu mwingine angeitumia elimu hiyo kujitibu. Wewe uliitumia kufaulu.

Askari walituambia siku ya msafara mapema, kwa sababu msafara ndio uliowaletea sigara nao waliungoja kwa hamu. Basi siku iliyotangulia ulikataa chakula tangu adhuhuri. Vidonge vya Garissa ulivyotakiwa umeze kila siku ulikuwa umevifunga kwenye pindo la kikoi, ukiviweka akiba kwa ajili ya siku hiyo, ukavitia mdomoni vingi kwa mpigo. Kulipokucha ulikwenda mbele ya dresa ukiwa mtupu kama ngoma, kifua mbele.

"Mzee, umekula?" akakuuliza.

"Nimekula. Nimeshiba mbaka hapa." Ukajipiga tumbo.

"Umekula nini?"

"Ugali ya serikali, tamu sana. Bima, daktari, bima."

Kiswahili chako kilikuwa cha soko la mifugo, na herufi p haikupata kutoka mdomoni mwako ikiwa salama. Dresa akachemsha. Mrija ukabaki buluu tupu. Watu wakapiga vigelegele, nawe ukamgeukia mkuu wa kambi aliyekuwa amesimama mikono nyuma.

"Afande, umeona? Maji ya mto! Kama unataka, tushindane mbio mimi na wewe."

"Kimbia," mkuu akasema, "uone kama risasi yangu itashindwa."

Askari walicheka, nawe ulicheka kuwashinda. Ni dresa peke yake ambaye hakucheka. Alikutazama midomo iliyokauka, akamwendea mkuu. "Afande, huyu ningependa nimpime tena saa mbili baada ya kula. Akiwa na njaa haonyeshi kitu. Chakula kikishaingia ndipo utaona."

"Mimi nikae hapa ningoje Msomali ashibe?" mkuu akajibu. "Amefaulu, amefaulu. Mwingine!"

Saa mbili tu, Aabo. Hizi hizi ninazozipoteza leo kwa ajili yako. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyezitaka isipokuwa yule mtu mmoja, na aliyefurahi kuliko wote kwamba amenyimwa ulikuwa wewe. Ulirudi kibandani umebeba kibati chako mkononi kama mwanafunzi aliyepata zawadi. Hooyo alikuwa amekwisha kusonga ugali. Ukala kwa pupa, ukanywa chai, ukalamba sukari iliyobaki chini ya kikombe kwa kidole. Katika saa zile ambazo dresa alizitaka damu yako ilikuwa asali, na dresa alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake.

Niliwahi kukuuliza. Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuposwa, nimesoma Garissa madarasa machache kabla ya vita, na tayari nilidhani najua kila kitu.

"Aabo, kwa nini humwambii ukweli? Atakupa dawa zaidi."

"Aabo," ukanijibu, maana kwetu baba na mtoto huitana kwa jina lile lile, "yeye atanipa dawa, na mwenzake atachukua kibati. Dawa unaweza kuikamua?"

Jibu lako nimetembea nalo miaka yote hii. Katika makala zangu za gazeti nimekuita mpumbavu, tena kwa herufi kubwa. Nimeandika kwamba wanaume wa kizazi chako waliupenda ushindi mdogo kuliko uhai wao, kwamba mlimdanganya mtu pekee aliyekuja na nia njema, na kwamba mlivimba vifua kwa sababu mmeufumba macho mrija wa kioo. Wazee wa mji wakasema namtukana marehemu. Nikawajibu gazetini kwamba marehemu alianza yeye.

Lakini mguu wako niliuona kabla ya wote. Ulirudi kutoka malishoni, ukavua makubadhi, na mwiba mrefu wa mgunga ulikuwa umeingia kwenye unyayo mpaka mwisho. Hukujua. Ulitembea nao siku nzima bila kuchechemea. Hooyo alipouvuta ukatoka na usaha, nawe ulikuwa unatusimulia habari za ngamia mweupe aliyekataa maji, hata hukukatisha sentensi.

"Husikii maumivu?" Hooyo akauliza.

"Maumivu ya nini?"

Akanionyesha ule mwiba, akautupa motoni. Toka siku ile alikuosha mguu kwa maji ya chumvi, akaufunga kwa kitambaa cha shuka yake ya zamani, na kidonda kikawa kinakua kuelekea ndani. Ulipokwenda kwa dresa ulivaa soksi za askari ulizobadilishana kwa maziwa. Alikusifu kwa usafi.

Halafu ikaja ile siku. Ulikuwa umefunga tangu adhuhuri ya jana yake, umemeza vidonge vyako vyote, umekaa mlangoni unangoja malori. Hayakuja asubuhi. Jua lilipofika utosini jasho likakutoka kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Mikono ikatetemeka. Ukamwita Hooyo kwa jina la mama yako, ukamwambia awafungue ndama. Hooyo hakuwa amesoma, lakini hakungoja kusoma. Alikushika taya, akakutia sukari mdomoni kwa kidole chake, akakunywesha chai, na fahamu zilipokurudia akakulisha ugali mpaka tetemeko likaisha. Angefanya nini? Ulikuwa unakufa mbele yetu kwa kukosa sukari, wewe uliyekuwa unakufa kwa kuzidiwa nayo.

Malori yakafika alasiri. Baruti iliyofukiwa barabarani ilikuwa imelirusha lori la mbele, na yaliyofuata yalibeba vijana wa jeshi waliolia kama watoto. Dresa aliteremka na damu mpaka kwenye viwiko. Siku kama ile nani angetaka kupima wachungaji? Mkuu wa kambi ndiye. Alikuwa amechanganyikiwa kwa hasira, na hasira yake ilitafuta mahali pa kutua. "Wachungaji ndio wanaofukia hivi vitu," akasema. "Leo kila mwenye kibati apimwe. Nataka nusu ya vibati virudi."

Wakakuita. Ulijaribu kuniegemea, nikahisi ulivyokuwa mwepesi.

"Umekula, mzee?" dresa akauliza, bila kukutazama.

Na wewe, uliyezoea kudai umeshiba ukiwa na njaa, safari hii ukadai njaa ukiwa umeshiba. "Hapana, daktari. Leo sijakula kitu."

Akachemsha. Buluu ikawa kijani, na hapo Hooyo akashika mkono wangu. Kijani kikawa njano, njano ikakolea, kisha ikatulia nyekundu, nzito, chenga zake zikizama chini ya mrija kama udongo wa kufinyanga.

"Tofali!" mkuu akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Mzee, kumbe unajenga nyumba tumboni?" Akachomoa kisu, akakata kamba shingoni mwako. Kibati kikaanguka katikati ya miguu ya watu, askari mmoja akakiokota.

Unakumbuka ulichosema? Hukumtukana. Ningefurahi ungemtukana. Ulimshika dresa mkono wenye damu ukasema, "Daktari, chemsha tena. Kesho asubuhi chemsha tena. Nitakuja mabema, utaona buluu."

Dresa akainama. Nilidhani anakuinamia kwa haya, kumbe amesikia harufu. Akakuvua soksi, akasimama mbele ya mkuu. "Afande, mguu huu unaoza. Nimtie kwenye lori nimfikishe Garissa leo. Nikimwacha hapa atakufa."

"Lori limejaa vijana wangu waliokatwa miguu na baruti ya ndugu zake," mkuu akasema. "Yeye anayo yote miwili."

Akaenda zake. Dresa alituachia chupa ya dawa ya zambarau na bandeji, akapanda lori, na ndilo jambo la mwisho alilotufanyia.

Ninataka msomaji yeyote wa barua hii asimame hapo, asikimbilie kuhuzunika. Siku uliyodanganya ulipewa kibati. Siku mwili wako uliposema ukweli ulinyang'anywa kibati na dawa hukupewa. Kipimo kile hakikuwahi kuwa cha kukutibu. Kilikuwa cha kukukamata. Nawe, ambaye nimekuita mpumbavu kwa herufi kubwa, ulilijua hilo tangu mrija wa kwanza.

Ngamia walilia bomani. Ngamia mwenye njaa ana sauti ya mtu anayejaribu kusema. Uliwasikia ukiwa umelala, ukawataja mmoja mmoja kwa jina, na kila siku sauti zilipungua. Yule mweupe alipoanguka Hooyo alimwahi kwa kisu kabla hajafa kibudu, akakuletea nyama ya nundu. Ulikula. Hukula unga siku ile, ulikula nyama tu, na nina hakika mkojo wako ulikuwa buluu kama mbingu. Hakuwepo wa kuupima.

Mguu ukawa mweusi mpaka gotini. Harufu ilikuwa kali hata majirani wakahamisha moto wao. Wewe ulikuwa unatania mpaka mwisho, na utani wako ulikuwa mbaya kama mguu wenyewe. Maneno yako ya mwisho niliyoyasikia yalikuwa haya: "Mwambieni afande mguu mmoja namwachia. Awagawie vijana wake."

Tulikuzika ndani ya seng'enge, hatua chache kutoka kwenye waya, kwa sababu makaburi ya ukoo yalikuwa nje na ruhusa ya kutoka hatukupewa. Tulipokuwa tukikusalia askari walisimama nyuma yetu na bunduki, kana kwamba ungeweza kutoroka. Amani ilipokuja waya ukaviringishwa ukapelekwa kwingine, na sasa kaburi lako limesimama peke yake uwandani, limebanana na kitu ambacho hakipo. Hooyo aliishi miaka mingi baadaye. Kila mgeni alipouliza, alisema kwa fahari kwamba mumewe alipimwa mara zote akafeli mara moja tu. Nilikuwa nikitoka nje.

Sasa sikiliza habari za Garissa ya leo. Mji umekuwa na maduka ya dawa kila mtaa, na sukari imejaa katika damu ya watu kama vumbi lilivyojaa barabarani. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kliniki, mbele yangu mzee mmoja wa makamo, tumbo mbele, ndevu zimepakwa hina. Alipojua mimi ni nani akacheka, akaniita shangazi kwa Kisomali.

"Eeddo, wewe ndiye unayetuandika gazetini? Mimi leo nimejiandaa. Tangu jana mchana sijala, na vidonge vya wiki nzima nimevimeza asubuhi hii."

"Unamdanganya nani, mpumbavu wewe?"

"Sista anayepima."

"Sista ndiye atakayeoza mguu?"

Foleni nzima ikacheka, naye hakukasirika. Akaniinamia kama mtu anayemweleza mtoto, p yake imevunjika kama yako. "Eeddo, wewe unataka tubatikane."

Nilifungua mdomo kumjibu, na ndani ya chumba nikamsikia sista akimfokea mama mmoja. "Kumi na nane! Umekula ng'ombe mzima? Simama pale pembeni watu wakuone!" Yule mama akatoka akasimama pembeni, buibui ameivuta usoni. Watu wakamtazama. Yule mzee akanitazama mimi, akainua nyusi. Hoja yake ilikuwa yako ile ile, Aabo.

Niliingia, nikamwambia sista yule mambo ambayo hayaandikiki kwenye barua kwa baba. Nilimwambia kwamba anayepima ili aaibishe ataletewa watu wenye njaa mpaka siku ya kiyama, wote wakiwa wazima kabisa, na atawaona tena wakiletwa kukatwa miguu. Nilimwambia awapime baada ya kula, na akiona namba kubwa ashukuru kwamba ameonyeshwa. Alinijibu kwamba ana wagonjwa wengi na nisimpotezee wakati. Ile sauti niliijua, Aabo. Viatu tu ndivyo havikung'aa.

Usidhani basi kwamba nimekusamehe. Mkuu wa kambi alikukata kamba mara moja. Wewe ulijinyima zile saa mbili kila mara, na ungeweza kumshika dresa kando, mtu na mtu, ukamnong'oneza. Ulimwona ni mwema. Ulimchagua yeye umdanganye kwa sababu alikuwa mwema, maana wale wengine wangekupiga. Hilo silifuti, hata nikifuta mengine yote niliyoandika.

Saa mbili zimetimia.

Nimejidunga kidole cha pete, pembeni, mahali pasipouma sana. Wewe ungesema, dungeni popote, sisikii. Mimi nasikia bado, namshukuru Mungu kwa uchungu huu mdogo. Tone limetoka. Kimashine kimelinywa, kikakaa kimya kidogo kama dresa akitazama mrija.

Kumi na nne na nusu, na daktari anataka isipite kumi.

Tofali, Aabo. Nimepatikana. Nimekaa kitini na mkono wangu shingoni, nikingoja mtu aje na kisu, na hakuja mtu. Nje muuza maziwa anapita akipiga kelele, ni maziwa ya ngamia, nami nimemwita. Kesho nitakwenda kliniki nikiwa nimekula. Nitaingia na namba hii kama ilivyo, na sista akiniambia nisimame pembeni nitasimama, kisha nitazungumza mpaka wa mwisho kwenye foleni anisikie. Atapata tabu na mimi. Ulimi huu si wa kwangu peke yangu.

Wewe lala na buluu yako.

Binti yako, uliyemwita aabo,
niliyeshiba.